Kalulu ya Mabawa

Paulin alipoomba sungura, wodi nzima ilifurahi isipokuwa mkewe, Mado.

Watu wa kitanda cha jirani walisema Mungu ni mkubwa: mgonjwa aliyekuwa akirudisha uji kwa ncha ya ulimi leo anataka nyama! Daktari, kijana mpole mwenye miwani, alisimama miguuni pa kitanda, akamvuta Mado pembeni na kumwambia kwa sauti ya chini, "Mama, mumupatie kila kitu roho yake inapenda. Hakuna tena régime, hakuna tena chakula cha kukatazwa." Mado akaitika, "Ndiyo, docteur," kama mtu aliyetajiwa bei ya nyanya. Lakini alishika chuma cha kitanda asije akaanguka mbele za watu.

Sharti niwaeleze huyu Mado, la sivyo mtamwona mkorofi bure. Kwao, upande wa mama yake, kuna jambo ambalo halitajwi mbele ya mgonjwa. Wanaliita kuomba sahani. Mtu ameugua miezi na miezi, amekataa kila kitu, halafu siku moja anaamka na kutaja chakula kimoja tu, kile alichokipenda tangu ujana wake, tena anakitaja pamoja na namna kinavyopikwa. Hapo ukoo mzima unajua. Mama yake Mado aliomba mboga ya lengalenga iliyoungwa kwa karanga. Alikula asubuhi, akashukuru, na kabla ya jua kutua walikuwa wanamfunga kidevu. Mjomba wake aliomba samaki wa kuchoma, na miiba ilikuwa bado iko sahanini watu walipoanza kupigiana simu. Unaweza kumwambia Mado kwamba wako wagonjwa chungu nzima walioomba chakula wakapona, wakarudi kazini na kunenepa. Atakusikiliza kwa adabu zote. Hao si wa kwao.

Na Paulin hakuomba hivihivi. "Mado," alisema, "unipikie kalulu. Ile ya Kambove. Na karoti, na poireau, na makala juu ya kifuniko."

Alitaja mpaka makala, yale makaa ya moto. Mado alitamani azibe masikio.

Paulin alizaliwa Kambove, mwana wa mfanyakazi wa mgodi, katika nyumba ambazo kila moja ilikuwa na kibanda cha sungura nyuma yake. Yeye ndiye aliyemfundisha mkewe kupika kalulu, yaani sungura, maana Mado alikulia hapa hapa Lubumbashi, mtaa uitwao Kenya, na hakuwahi kuona mtu akiweka moto juu ya sufuria. Mwanzoni alidhani familia ya mumewe ina kichaa kidogo. Kisha akaonja. Tangu hapo, kila palipokuwa na jambo la maana nyumbani kwao, mtaa wa Ruashi, ubatizo wa binti yao Syntiche, diploma ya Syntiche, harusi ya Syntiche, hapakukosekana kalulu. Sasa Syntiche alikuwa Kolwezi na tumbo kubwa, amekatazwa kusafiri mpaka ajifungue, na wazazi wake walibaki wawili tu na maradhi ya ini.

Basi Mado akafanya alilofanya. Akapika kuku.

Msimcheke. Alikata kuku yule vipande vidogo vidogo, akatupa mabawa, miguu, shingo na kichwa, akachuna ngozi yote, akamlaza kwenye siki na kitunguu saumu na thyme kama sungura kamili. Akatia karoti, akatia poireau, yale majani marefu ya jamii ya kitunguu, akaweka makala juu ya kifuniko. Akilini mwake alikuwa amepata njia ya kupenya: mume ataridhika, na ile sahani itakuwa haijapikwa. Kifo kikija kuulizia, kitakuta kuku. Alipofika wodini alifunua bakuli huku anajitia hamnazo, akampakulia na kipande cha bukari, ugali wa kwao, akaketi kumtazama.

Paulin alikula. Alikula vizuri, jamani, kwa meno yake mwenyewe, na jasho la hamu likamtoka puani. Alipokaribia kumaliza akatoa kitu mdomoni, akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akakilaza ukingoni mwa sahani. Kilikuwa kile kifupa cha kidari chenye umbo la panda, ambacho kila kuku anacho na sungura hana.

"Mado."

"Ee, baba Syntiche."

"Hii kalulu iliruka sana."

"Kalulu yote inaruka."

"Mais hii iliruka mpaka ikaota mabawa."

Wodi ikaangua kicheko. Mama mmoja mnene aliyekuwa anamwuguza mwanawe kitanda cha tatu alicheka mpaka akajifuta machozi, na hata yule mwana, aliyekuwa hajacheka tangu alazwe, akatabasamu. Mado naye akacheka maana afanyeje. Paulin alikuwa hivyo tangu ujana wake. Hakukugombeza. Alikutania tu hadi ukamaliza maneno yote ya kujitetea.

Kicheko kilipopoa akamshika mkono. Mkono wake ulikuwa wa manjano na mwepesi.

"Uko naogopa," akasema.

"Siko naogopa kitu."

"Mado. Siku ya lengalenga ya mama yako, miye nilikuwa pale. Ninajua mambo ya kwenu." Akapumzika kidogo, maana kusema kulikuwa kazi. "Siombi kalulu juu ya kuenda. Ninaomba juu ya hamu. Hamu yake inanipata mpaka mu usingizi."

Mado akaahidi. Aliahidi kwa kinywa, moyo ukiwa umeshakataa.

Kesho yake akamwambia Paulin kwamba Djo hana sungura. Djo ni jirani yao, fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye vibanda vya sungura nyuma ya nyumba vilivyotengenezwa kwa nondo zilizobaki kazini. Akasema Djo ameuza wote. Siku iliyofuata akasema waliobaki ni wachanga mno, ni dhambi kuwachinja. Paulin alisikiliza haya yote akitazama dari. "Bon," akasema, "bakomae." Mado akashukuru kimoyomoyo kwamba hakuulizwa zaidi. Hakuona, au alikataa kuona, kwamba sauti ya mumewe ilikuwa imepungua, na kwamba siku hiyo uji ulirudi kikombeni karibu wote.

Aliyemuumbua ni wifi yake. Yaya Wivine, dada mkubwa wa Paulin, alikuwa ametoka Likasi kuja kusaidia kufua na kulala zamu hospitalini, mwanamke mwenye mwili na sauti, asiyepita nyumba ya mtu bila kusalimia. Asubuhi ile alipita kwa Djo. Alirudi uani kwa Mado bila hata kuvua viatu.

"Mado! Djo anasema tukalulu twake tumejaa, tunapigana mu kibanda juu ya fasi. Na anasema hakuna muntu alikuya kumuomba hata moja."

Mado alikuwa anaanika shuka. Akaendelea kuanika.

"Niko nasema na weye! Ndugu yangu iko mu kitanda, iko naomba chakula, na weye uko namunyima? Chakula, Mado! Bantu basikie nini? Asema bibi ya Paulin alifungia mugonjwa nyungu?"

Hapo Mado akaiachia shuka. Ikaanguka kwenye vumbi na hakuna aliyeiokota. Akamwambia wifi yake kila kitu, kuhusu kuomba sahani, kuhusu mama yake, kuhusu mjomba, kuhusu kuku. Alisema haraka haraka na bila kupumua, kama mtoto anayeungama kwa padri, akimalizia kwa kusema, "Yaya, kama nikipika, njo nitakuwa namufungulia mulango. Kwa mikono yangu. Siwezi."

Kila mtu anayemfahamu Wivine angetarajia makelele. Wivine hakupiga kelele. Alivuta kigoda, akaketi mzima mzima.

"Na kama haupike," akauliza, "atabakia?"

Kwa mara ya kwanza tangu daktari amvute pembeni, Mado alijua kwamba jibu analo, na kwamba amekuwa nalo siku zote. Akalia. Alilia kwa sauti, palepale uani, na Wivine akamwacha alie hadi alipochoka. Kisha wakaenda wote wawili kwa Djo.

Djo alimchagua dume mnene wa kijivu, akamchinja na kumchuna mwenyewe, akakataa kupokea chochote. "Ni ya vieux Paulin," akasema, kwa heshima ya mzee wake, na kurudi kwenye moto wake.

Sungura hapondwi kwa panga, mtu wa Kambove asikuone. Mifupa yake ni myembamba, inavunjika vipande vikali na kumchoma mlaji. Mado alimkata kwa kisu kidogo, kiungo kwa kiungo, akitafuta kwa kidole mahali ambapo mifupa inakutana: mapaja, miguu ya mbele, mgongo vipande vitatu, mbavu. Akaviosha, akavilaza kwenye siki, saumu na thyme, wakati Wivine akiwasha mbabula, lile jiko la chuma, na kupepea makala. Mafuta yalipopata moto akaweka vipande vichache vichache, bila kuvirundika, akageuza mpaka kila upande ukapata rangi ya tofali lililoiva. Akavitoa. Kwenye mafuta yaleyale akatia vitunguu vilivyokatwa vyembamba, poireau, karoti nene, kishada cha celery, kisha nyanya, akakoroga hadi nyanya zikapoteza umbo. Nyama ikarudi. Juu yake akamwaga bia kidogo, kwa sababu mama mkwe wake alifanya hivyo na hakuna aliyewahi kumwuliza kwa nini, halafu maji ya moto yaliyofika nusu ya nyama tu. Akafunika kwa kile kifuniko kizito, na kwa koleo akapanga makala mekundu juu yake, moja moja.

"Weye unajua kupika kuliko mama yetu," Wivine akasema.

"Usiseme vile, anasikia."

Walicheka kidogo. Wakamenya biringanya na kukata maharage mabichi, ambavyo huingia mwishoni visije vikavurugika. Harufu ikaanza kutoka, ile harufu ya sikukuu zao zote, na kila aliyepita barabarani akiulizia hali ya Paulin aliambiwa, "Iko nangojea kalulu yake," na mtu huyo akafurahi na kwenda zake.

Wivine akafunua. "Iko tayari."

"Bado," akasema Mado.

Akaongeza maji. Akapunguza makala ya chini. Wivine akasubiri, akafunua tena. "Mado, nyama inaachana na mufupa."

"Bado kiloko," akasema tena, yaani bado kidogo.

Alipika kama mtu aliyepangiwa safari asiyoitaka, anayetazama mawingu akiomba mvua inyeshe. Alionja mchuzi, akasema karoti bado ngumu, nazo zilikuwa zinayeyuka. Akapanga upya makala ya kifuniko yaliyokuwa yamekwisha kuwa majivu. Wivine alimwona na alielewa, ndiyo maana alivumilia mpaka hapo. Mwishowe hakusema neno. Alikunja kitambaa, akashika masikio ya sufuria, akaiteremsha yeye mwenyewe. Wakaifunga kwa kitenge, wakasimamisha taksi barabara kubwa.

Wodini, mama mnene wa kitanda cha tatu aliwaona mlangoni akaacha kusuka. Hakuwatania. "Mumekawia," akasema. "Asubuhi yote alikuwa naulizia. Anasema, mama, hausikie harufu?"

Paulin alikuwa ameinuliwa kwa mito miwili. Uso wake ulikuwa umeingia ndani. Muuguzi akamweleza Mado, kwa upole wa watu waliozoea kueleza, kwamba tangu alfajiri hamezi vizuri, wamwangalie sana, mchuzi tu, tone kwa tone.

Mchuzi tu! Mado alisimama na sufuria mikononi. Siku ile ya kuku alikuwa na meno. Alikuwa na jasho la hamu puani. Angemaliza sahani nzima ya sungura siku ile, akaomba nyingine, akanyonya mifupa na kulamba vidole na kusema maneno yake ya kipuuzi mpaka wodi icheke. Mtu aliomba kitu kimoja tu, na alipokuwa anakiweza akapewa kuku, na akapewa uongo wa vibanda vitupu. Mado hakuwa ameiba uhai wa mtu, wala hakuwa ameuongeza. Alichokuwa amekiiba ni mlo. Alilijua hilo sasa wazi kabisa, na hakuna mtu duniani wa kumrudishia Paulin mlo ule.

"Leta," Paulin akasema. Sauti yake ilikuwa ya kunong'ona.

Mado alifungua kitenge, akafunua sufuria karibu na uso wa mumewe. Mvuke ukamfikia. Paulin alifumba macho, akavuta pumzi moja ndefu kuliko zote alizovuta siku hiyo, na pembe za mdomo zikapanda. Mado akachota mchuzi kwa ncha ya kijiko, akaupoza, akamgusisha midomoni. Ulimi ukatoka kuupokea. Koo likapanda, likashuka. Akampa tena. Mara ya tatu akasaga kipande cha karoti kwa kijiko, kikaingia nacho.

"Njo yenyewe," akasema Paulin. Ndiyo yenyewe, ile ya Kambove.

Mado akalia kimyakimya huku anamlisha. Wivine alikuwa ameketi upande wa pili wa kitanda, ameshika mguu wa ndugu yake chini ya blanketi. Paulin alimtazama mkewe kwa muda, uso wote, kama anavyotazama mtu kitu anachotaka kukikumbuka. Halafu akakunja uso.

"Chumvi," akasema.

"Nini, baba Syntiche?"

"Chumvi iko kiloko. Utafute chumvi."

Wivine akanyanyuka. "Ubakie, nitaenda miye."

"Hapana," Paulin akasema. "Mado."

Basi Mado akatoka. Na niwaambie ukweli, alitoka akiwa mwepesi kama msichana. Mama yake hakulalamikia chumvi. Mjomba wake hakulalamikia chumvi. Walioomba sahani kwao walikula wakashukuru, wakalala. Lakini huyu analeta ubishi! Anayelalamikia chumvi ana nia ya kula tena. Alishuka ngazi mbiombio hadi nyuma ya jengo, pale wanawake wanaouguza wanapopikia, akapita mbabula kwa mbabula akiomba, na aliwaambia wote sababu, hata wale ambao hawakumwuliza: "Bwana yangu anasema chumvi iko kiloko!" Wakacheka naye. Bibi mmoja akamfungia kidogo kwenye kipande cha karatasi, akambariki. Mado akapanda ngazi akipanga kichwani kwamba kesho atapika tena, na safari hii biringanya nyingi, kwa sababu ni laini.

Alipoingia, Wivine alikuwa amesimama. Kiganja chake kilikuwa juu ya macho ya Paulin, kinashuka polepole.

Mama wa kitanda cha tatu akaanza kuomba kwa sauti. Mado hakumsikia. Alisimama miguuni pa kitanda na karatasi yake.

"Nilitaka kukuita," Wivine alisema, na sauti yake kubwa yote ilikuwa imekwisha. "Nilisimama nikuite, Mado. Akanishika mukono. Asema, acha. Asema, acha akawie kiloko."

Kijiko kilikuwa bado kwenye sufuria. Mado akakichukua, akachota mchuzi, akauweka mdomoni.

Chumvi ilikuwa inatosha. Haikupungua hata chembe.

Akaketi kitandani ubavuni mwake, akamwekea mkono kifuani, mahali palipokuwa bado pana joto.

"Na weye," akamwambia, "unanidanganya."